Nina upungufu wa umakini na nafundisha watoto 68, wengine wanasoma kwa shida. Nikipangeje kipindi?

ChakiMfukoni
Habari za majukumu, walimu. Nafundisha Kiswahili na Hisabati darasa la tatu, watoto 68, kipindi dakika 40. Upungufu wa umakini nilionao umethibitishwa na daktari: muda unanipotea, naingia jambo la pili kabla la kwanza halijaisha, na rundo la madaftari linanishinda. Darasani wapo watano wanaosoma silabi moja moja wakati wenzao wanateleza, na watatu hawatulii kwenye dawati. Andalio la somo naliandika vizuri, shida ni kulifuata nikishasimama mbele. Naomba mbinu zitakazonisaidia bila kuwapoteza wao.

KalamuNyekundu
Mwalimu, anza na ubao. Piga mstari wa wima upande wa kushoto, uache nafasi yenye upana sawa na urefu wa rula moja, sm 30. Humo andika hatua nne za kipindi na dakika zake: Tukumbuke 5, Mfano 10, Kazi 15, Tusahihishe 10. Sehemu hiyo haifutwi mpaka kengele ilie. Ukisahau umefika wapi, unatazama pale, na mtoto aliyepotea anatazama palepale. Hatua ikiisha, mmoja wa wale watatu wasiotulia anakuja kuikata kwa chaki. Anapata ruhusa ya kusimama na kutembea, nawe unapata alama kwamba hatua imefungwa.

Kutunza muda usimpe huyo huyo. Anayetakiwa kuangalia saa hawezi kufanya zoezi. Saa ya mezani iwe mbele, na mtoto wa dawati la kwanza ainue kadi zikibaki dakika 2. Wabadilishe kila siku ili asiwepo anayekosa mazoezi ya wiki nzima.

Maelekezo nayo. "Toeni madaftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa 24, fanyeni swali la 1 hadi la 5." Hayo ni mambo manne kwa pumzi moja. Mtoto anafika la pili, mengine yameshamtoka. Sema moja, ngoja lifanyike, ndipo useme la pili. Namba ya ukurasa iandikwe ubaoni, halafu mtoto mmoja arudie kwa sauti wanachotakiwa kufanya.

BibiSilabi
Niseme kuhusu wale watano. Maandishi ya Kiswahili yanafuata sauti, kwa hiyo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, anaweza kusoma maneno bila kukosea na bado akawa na shida kubwa. Dalili yake ni mwendo wa polepole: anafika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka kichwani. Ukipima makosa peke yake hutamwona. Mpe aya moja, hesabu maneno anayosoma kwa dakika 1, andika. Rudia baada ya wiki 3.

Angalia pia anakwama wapi. Mara nyingi ni mb, nd, ng na ng', mbw, chw, na kuchanganya b na d. Kata kadi za boksi, silabi 5 tu kwa wiki, dakika 5 kila siku asubuhi. Mtoto aone kadi, atamke, aiandike mezani kwa kidole, kisha aisome ndani ya neno: mbwa, chwa, machweo. Wengi wanaishia kwenye kadi bila kupeleka silabi kwenye neno, halafu wanashangaa mtoto anaijua mbwa kwenye kadi na haioni kitabuni.

Tengeneza na dirisha la kusomea: kipande cha manila cha sm 15 kwa sm 5, katikati toboa mwanya wa sm 12 kwa sm 1. Analaza juu ya ukurasa, mstari mmoja tu unaonekana. Kalenda ya zamani inatosha kutengeneza ya watoto wote watano.

Kunakili ubaoni kupunguze. Anayenakili herufi moja moja anamaliza dakika zake 15 kabla hajagusa swali. Mpe sentensi zenye mapengo ajaze. Kwenye Hisabati mpe maswali 5 badala ya 10, ila ugumu uwe uleule.

Kabla ya yote hayo hakikisha wamepimwa macho na masikio. Tafadhali usiruke hapo. Kuna mtoto anaitwa mvivu miaka mitatu kumbe haoni ubao.

ChakiMfukoni
Asanteni sana, shikamoo Bibi. Madaftari je? Na nikianza kuzunguka darasani nasahau nani nimemsaidia.

KalamuNyekundu
Madaftari 68 kwa dakika 2 kila moja ni saa mbili na robo. Hakuna umakini utakaohimili hapo. Gawa darasa makundi manne ya watoto 17. Jumatatu hadi Alhamisi sahihisha kundi moja kwa siku, kama dakika 34, Ijumaa iwe ya viporo. Makundi matatu yaliyobaki yasahihishane kwa majibu ya ubaoni zile dakika 10 za mwisho.

Kwa kuzunguka, chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja, ibandike kwenye ubao mdogo wa kuandikia, penseli ifungwe kwa uzi. Kila unayemsaidia weka alama. Wale watano wafikie kwanza, ndani ya dakika 5 za mwanzo wa zoezi, maana wakikosea swali la kwanza wanarudia kosa hilo mpaka la mwisho.

MwlTaaluma
Naongezea kidogo. Msianze yote pamoja. Sehemu ya ubao na ramani ya madawati wiki 3, zikizoeleka ndipo kadi za silabi. Mwenye upungufu wa umakini huvutwa na mbinu mpya, akabadili kila wiki, na mtoto anayehitaji utaratibu uleule ndiye anayeumia.

Chagua pia sehemu mbili za kusimamia unapoeleza. Mwalimu akitembea huku anaongea, mtoto asiyetulia anafuata miguu, hasikii maneno. Wale watatu wakae mbele, mbali na mlango na dirisha, mwisho wa dawati ili wakisimama wasimsumbue jirani. Na mwombe mwalimu wa taaluma wa shuleni kwako akupangie vipindi vya kusoma kabla ya mapumziko ya saa nne.