Wajukuu wa Babu: Jumamosi ya Ndege

JUMANNE

Da Zuhura, 07:12: Familia hamjambo. Kama nilivyomwambia Babu juzi, Jumamosi Salim anaturusha kwa ndege kwenda kula kwenye ule mgahawa wa pale kiwanja kidogo cha ndege. Kuondoka saa 2 asubuhi, kurudi jioni. Nataka majina SASA.

Da Zuhura, 09:40: Watu kumi na mmoja mmesoma. Majina mawili. Haya.

Kassim, 09:52: Mimi nimo. Naomba dirishani.

Salim, 10:15: Kila kiti ni cha dirishani. Viti ni vinne na kimoja changu.

Kassim, 10:15: VINNE?

Da Zuhura, 10:17: Tutakwenda kwa raundi. Mnapenda kukuza mambo. Raundi ya kwanza, raundi ya pili.

Hadija, 10:31: Raundi ya pili. Haya.

Kassim, 10:31: 🙊

Hadija, 10:33: Ile ya harusini bado naisubiri, niko pale pale getini na keki mkononi.

Da Zuhura, 10:34: Hadija, tusianze.

Hadija, 10:34: Sijaanza. Nimetulia kama nilivyotulia siku ile.

Salim, 12:50: Naombeni mnisome vizuri. Kila mtu anitumie kilo zake, za kweli, akiwa na nguo, viatu na mkoba. Hii ni Cessna 172. Uzito wake wa mwisho wa kurukia ni kilo 1,157. Yenyewe tupu ni kama 770. Zinabaki 387, na humo yumo kila mtu, kila mfuko na petroli. Matenki yakijaa ni lita 200, yaani kilo 144. Pale tuendako petroli ya injini yetu haiuzwi, wana mafuta ya jeti tu, kwa hiyo ya kurudia naibeba kutoka hapa pamoja na ya akiba. Nikiweka lita 120 ni kilo 86. Mimi 74. Zilizobaki 227 ndizo zenu watatu.

Kassim, 12:52: Hizo za kwenda. Za kurudi tukishakula?

Salim, 12:55: Umetania lakini ni swali la maana. Petroli itakuwa imepungua, kwa hiyo nafasi ipo kidogo. Ila hakuna kununua vyakula mkarundika kule nyuma. Nyuma ikizidi uzito pua inainuka, na mabawa yakishindwa kuishikilia ndege hewani, kuirudisha sawa ni kazi.

Kassim, 12:56: Basi Mjomba Idi akae mbele 😂

Neema, 12:56: 😂😂😂

Salim, 12:58: Ndivyo itakavyokuwa kweli. Na raundi mbili haziwezekani Da Zu. Safari ya upande mmoja ni saa 1 na dakika 10. Nakwenda, narudi, nakwenda tena, jioni hivyo hivyo. Ni saa 7 hewani peke yangu, na kile kiwanja hakina taa, jua likizama pamefungwa.

Kassim, 13:01: Choo kipo?

Salim, 13:01: Hakipo.

Kassim, 13:02: Mimi najitoa.

Da Zuhura, 13:20: Kassim hujitoi. Salim, majirani wale wawili nimeshawaambia, na nauli wamenipa.

Salim, 13:21: Nauli gani???

Salim, 13:22: Da Zu, leseni yangu ni ya binafsi. Siruhusiwi kubeba mtu kwa malipo. Sisi tunaopanda tunaweza kugawana petroli na pesa za kukodi ndege, na mimi nalipa fungu langu. Nauli hapana kabisa.

Kassim, 13:24: Zuhura Airways imefungiwa kabla ya kuruka 😭

Neema, 13:30: Mimi nilimsindikiza Salim wiki iliyopita. Alizunguka ile ndege mpaka nikachoka. Anainama chini ya bawa na kikombe cha plastiki, anatoa petroli kidogo, anainua juani anaikodolea macho. Ya buluu! Kumbe anatafuta maji, maana maji yakiwemo yanakaa chini. Bawa hili, bawa lile, na kwenye injini. Nikamwambia twende, akaniambia nenda kakae garini.

Kassim, 13:31: Hukuionja?

Da Zuhura, 13:45: Tumetoka kwenye mada. KILO. Tumeni kilo.

JUMATANO

Da Zuhura, 08:05: Hakuna hata mmoja. Mnaona haya ya nini, sisi ni ndugu.

Salim, 08:09: Na zako Da Zu bado.

Da Zuhura, 08:10: Mimi mratibu.

Babu, 16:22: Huyu ni Babu, naandikiwa na Neema. Nimesomewa yote. Kilo zangu ni 68, nimepimwa kliniki Jumatatu. Siku hiyo mwenye neno ni Salim. Akisema hatuendi asibishiwe, wala asitiwe aibu kwamba watu wameshavaa. Zuhura, pesa za majirani zirudi kwao leo kabla ya giza. Kiti changu apewe Hadija. Na yale ya getini nilikuwepo, niliona, nikanyamaza. Sikufanya vizuri.

Salim, 16:40: Asante Babu.

Da Zuhura, 17:02: Sawa Babu. Zitarudi.

Kassim, 17:03: Kilo 80 na viatu.

Mjomba Idi, 18:11: 95

Mjomba Idi, 18:12: *Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Idi, 18:13: Kilo 85. Mizani ya bafuni.

Salim, 18:15: Mjomba shikamoo. Nimeandika ya kwanza.

Hadija, 20:47: 61. Lakini siwezi kukalia kiti cha Babu.

ALHAMISI

Salim, 06:30: Hadija 61, Mjomba 95, zinabaki 71 kwa mtu wa tatu na kila kitakachobebwa. Kassim na 80 zake hapati labda nipunguze petroli, na petroli sipunguzi. Hali ya hewa nitaitazama Ijumaa usiku na tena Jumamosi alfajiri. Tukienda, tuondoke saa 1, si saa 2. Jua likipanda hewa inakuwa nyepesi, ndege inataka njia ndefu zaidi kuruka na kutua, na njia ya kule ni fupi.

Da Zuhura, 06:44: Mimi meza nimeshaagiza. Ya watu kumi na mmoja.

Salim, 06:45: Da Zu.

Da Zuhura, 06:46: Wengine watakwenda kwa barabara. Nani anajua basi la kwanza linatoka saa ngapi?

Da Zuhura, 09:15: Jamani basi??

Bakari, 11:58: Ndiyo naamka. Jumamosi kuna nini?

Kassim, 11:59: Una kilo ngapi?

Neema, 12:20: Babu anauliza hilo basi linapita huku nyumbani.