Mlango wa kuchonga umeachana mbao, kosa la hali ya hewa au la fundi?

Mfuoni:
Assalaam alaykum. Mwaka jana nilichongesha mlango wa mbele wa kizamani hasa, juu mayungiyungi, kwenye miimo mnyororo na chini samaki, mfaa nao (ule mti wa kati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana) maua matupu. Fundi kanambia msaji (mtiki) na pesa nilotoa ni ya msaji. Sasa kaskazi (msimu wa joto na jua kali) ilivoanza mbao za upande wa kushoto zimeachana mpaka mwanga unapita, mfaa umepinda na mlango unakwaruza kizingiti, nkimpigia ananambia hali ya hewa hiyo. Jee, kweli au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

binti_wete:
Waalaykum salaam. Usitizame mbele, siku hizi kila mbao inapakwa rangi ya kahawia ikaitwa msaji. Kwangua nyuma, au pale juu pasipoonekana. Ukiona njano ni mfenesi huo, weupe wenye michirizi myeusi basi mwembe na hapo omba Mungu wadudu wasiujue. Msaji wenyewe una umafutamafuta mkononi na ukiukwangua unanuka kama ngozi.

Mfuoni:
Nimekwangua. Njano tupu 😡

patasi_na_nyundo:
Pole ndugu yangu, lakini musiutukane mfenesi, ni mti unaopandwa hapahapa, milango kibao imechongwa kwa mfenesi, njano yake inaiva taratibu mpaka inakuwa kahawia nzuri tu. Tatizo hapo ubichi. Ubao wa inchi moja unataka kama mwaka mzima kivulini, umepangwa na vijiti katikati upepo upite, sasa mteja anataka mlango kabla ya harusi ya mtoto na fundi nae hana pa kueka mbao, halafu tuseme kweli, mbichi patasi inapita raha, kavu inakutoa jasho na kila saa unanoa. Kwahiyo wanachonga mbichi, ua linatoka safi, likija jua mbao inasinyaa kwa upana wake. Na hizo mbao kazigandisha gundi? Milango ya zamani mbao zimesimama tu pembeni kwa pembeni, nyuma kuna mikingamo (mbao za kukingama), zinapigwa misumari basi, zikisinyaa zinasinyaa kila moja peke yake.

Shangani kwetu:
Yakhe, wewe fundi unamtetea fundi mwenzio. Kalipa msaji kapewa fenesi, huo wizi, habari za ubichi baadae!

patasi_na_nyundo:
Hilo la pesa sibishani, akadai chake. Mie nasema mlango unatengenezeka. Mfuoni, nyuma alipaka vanishi?

Mfuoni:
Nyuma hakupaka kitu, mbao tupu vilevile. Gundi ipo naiona.

patasi_na_nyundo:
Basi ndo mana umepinda, mbele imezibwa nyuma inavuta na kutoa unyevu itakavyo. Usizibe nyufa saa hizi, masika mbao itavimba na hicho ulichozibia kitatoka au kitasukuma mbao. Wacha ukauke mpaka mwisho wa kaskazi, mfaa uubandue (umepigiliwa upande mmoja tu), ukachongwe mwengine kwa mbao kavu, chini kwenye kizingiti apitishe randa kidogo asile mchongo. Halafu mafuta ya linsidi mbele na nyuma, vanishi kwa jua letu inababuka.

binti_wete:
Na huo mfaa mpya ukaukwangue kabla hajaanza kuchonga.