Mwanangu hajui "dakika tano" ni nini. Nifanyeje?

Mkarafuu: Asalaam alaykum wana Pemba. Nikimwambia mwanangu asubiri dakika tano, hata hajakaa keshauliza "zimefika?" Nimempa saa ya mkono, wapi! Ubongo wake una hitilafu?

Ngarawa: Waalaykum salaam. Ubongo hauna kiungo kimoja cha muda kama jicho lilivyo la mwanga. Vipande vya sekunde ni kazi ya serebela zaidi, sehemu ya ubongo kule kisogoni. Sekunde na dakika hutegemea viini vya ndani ya ubongo vinavyotumia dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe. Usiku na mchana vina kishada chao cha seli, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ana umri gani?

Mkarafuu: Umri si hoja, saa hufundishwa.

BiUkuti: Ndiyo hoja yenyewe. Taja.

Mkarafuu: Minne na miezi mitatu. Lakini mrefu! Na tuisheni nishalipa nusu.

Kaskazi: Urefu hausomi saa, bwana 😂

BiUkuti: Mvue hiyo saa. Mshale uko kwenye 7, nyie mwasema saa moja, atajuaje? Mtengenezee saa ya mchanga: chukua chupa mbili ndogo, toboa vifuniko, vigandishe mgongo kwa mgongo. Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji matamu, maana chumvi huvuta unyevu na mchanga unagandamana. Anika, chekecha, punguza mpaka umwagike dakika 1 kamili. Akishauzoea, ifunike kwa kanga, aseme "basi" akidhani umekwisha. Funua aone mwenyewe, usimkaripie. Kosa hukua na muda: anayepotea sekunde 6 katika 30 atapotea kama 12 katika 60. Kwa hiyo dakika tano bado sana.

Ngarawa: Hata wakubwa hupotea. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa pangoni miezi miwili bila saa. Anatolewa 14 Septemba, hesabu yake inasema 20 Agosti.

Kaskazi: Ngojeni. Mkarafuu si ndiye juzi alikuwa akiuza saa za watoto humu? Mtoto yupo kweli, au tunatangaziwa biashara?

BiUkuti: Loo! Na mimi nachekecha mchanga.

Mkarafuu: Yupo, wallahi, na hapa ananivuta shati. Saa nazo zipo, zimebaki 11. Bi Ukuti, tundu liwe upana gani?

BiUkuti: Milimita 3. Dogo zaidi ya hapo linaziba.