Tanga: ukishika fimbo ya kuvulia, wewe ni mtalii au mwizi. Hakuna wa tatu?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikirukaruka. Mods, uzi huu naomba msiuunganishe na ule wa bei ya samaki. Hapa tunazungumzia sisi tunaovua kwa fimbo kwa mapenzi tu, sio biashara, na huo ndio ugomvi wenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Siku tano za wiki nashinda mezani nikipiga hesabu za watu, Jumamosi na Jumapili nipo baharini. Msinifikirie boti na miwani ya jua. Nina fimbo moja, rili iliyoanza kuota chumvi, kisu, na ndoo ya lita 20 ambayo zamani ilikuwa ya rangi. Kushika mshipi nilifundishwa na babu mzaa mama, Sahare, kabla sijajua kusoma. Tuko watu kumi na kitu: fundi cherehani, dereva wa daladala, mwalimu mstaafu, na dada mmoja muuguzi ambaye kwa kuvua samaki aina ya kolekole anatushinda wote, tumeshakubali. Hatuuzi. Ukipata unakula, wakizidi jirani anagongewa mlango.

Sasa sikilizeni ya Jumamosi iliyopita.

Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Wanaojua bahari yetu wanajua siku za bamvua maji hujaa mpaka saa kumi jioni, kwa hiyo kuanzia saa saba nane hivi kolekole wanaingia na maji, wanawafukuza vibua hadi kwenye miamba ya Raskazone. Unawaona vibua wanaruka kama mtu kamwaga kokoto. Nikatupa. Mara ya tatu fimbo ikainama, rili ikalia ule mlio ambao kila mmoja wetu analala nao kichwani. Samaki si wa mchezo. Nailoni imenikata kidole cha shahada, nimeshuka hadi jiwe la chini, maji magotini, nabembeleza. Nikaguswa bega.

"Leseni iko wapi?"

Nikasema ngoja kwanza kaka. Akarudia. Nikageuza shingo, basi, sekunde hiyo hiyo kolekole akaingia chini ya jiwe lenye chaza na nailoni ikakatika. Tap. Waliowahi kusikia sauti hiyo watanielewa kwa nini mpaka leo sijatulia.

Mazungumzo yalikwenda hivi, siongezi chumvi:

"Leseni."
"Ya nini?"
"Ya uvuvi."
"Kaka, mimi siuzi."
"Basi unavua kimichezo. Hiyo leseni ni ya watalii."
"Mimi mzaliwa wa Sahare."
"Kumbe unavua bila leseni."

Nimezunguka kona tatu nikarudi pale pale. Kijana huyo afisa hakuwa na matusi, tena alimwamkia mwalimu wetu shikamoo kwa adabu zote, akainama kabisa, halafu akatoa daftari akaandika jina la mzee huyo kama mhalifu. Mwalimu ana miaka sabini na mbili. Ndoo yake ilikuwa na tasi wanne na chaa mmoja.

Na huku haya yakiendelea, hatua kama mia tatu kutoka tulipo, kundi la vijana lilikuwa linavuta kokoro, ule wavu wa kuburuta. Kamba mbili, watu sita huku, watu sita kule, wanaimba. Lilipofika mchangani nilisogea nikachungulia: majani ya bahari kibao, tasi wachanga wa urefu wa kidole, changu wadogo ambao hata paka angeona aibu, pweza mmoja wa kutosha kiganja. Kokoro limepigwa marufuku, hilo halina mjadala. Afisa aliliangalia, akageuka, akaniuliza mimi namba ya simu.

Siwaandami vijana wa kokoro, njaa ni njaa, na wenye nyavu zile mara nyingi si wao wanaozivuta. Nauliza tu jicho la sheria linachaguaje.

Jumatatu nikasema mimi ni mtu wa utaratibu, nikaenda ofisini. Ofisi gani sitaji, sitaki mtu apoteze mkate. Dirisha la kwanza: nenda la pili. La pili: aliyehusika yuko semina. Nikangoja hadi adhuhuri nikapewa fomu. Jina la chombo. Urefu wa chombo. Namba ya usajili wa chombo. Idadi ya mabaharia. Diko, yaani pwani kinapotia nanga na kushusha samaki. Nikamwambia dada, mimi nasimama juu ya jiwe. Akasema usiache nafasi wazi, mfumo hautapokea. Nikaandika: chombo, miguu. Idadi ya mabaharia, mmoja. Hakucheka. Akaniambia niirudie kwa kalamu nyeusi.

Tuwe wakweli, sheria haikutusahau kabisa. Iko Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, zipo Kanuni za 2009 na marekebisho yaliyofuata, na uvuvi wa michezo umo humo. Lakini ukiusoma unaona picha aliyokuwa nayo mwandishi kichwani: mgeni, boti yenye viti vya kufungia mikanda, nahodha wa kukodi, anakwenda mkondo wa Pemba kusaka sulisuli na jodari. Mtu huyo yupo na alipe, hana shida. Mimi wa kwenye jiwe na mkate wa chambo mfukoni sikuwamo kwenye picha. Kwa hiyo kila afisa ananitafsiri anavyoamka. Mmoja anakuacha miaka minne, mwingine anakuandika siku moja.

Na hapa ndipo penye donda. Nani anatusemea?

Wavuvi wa riziki wana BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye fukwe zao. Zina kasoro zake, kila mtu wa madikoni anazijua, lakini zimo kisheria, zina mwenyekiti, kukiwa na kikao watu wanaitwa. Wenye boti kubwa wana klabu zao na wanajua mlango wa kugonga. Vijiji vilivyo ndani ya hifadhi vina kamati zao, ndivyo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994 ilivyopanga. Sisi? Mwaka jana nilikwenda kikao cha wadau wa uvuvi, nimevaa shati la kuchomekea. Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio yenye safu: mvuvi, mchuuzi, mchakataji, mwenye chombo, serikali. Nikasimama na kalamu kama mjinga. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Andika mchuuzi mwanangu, kuna chai." Nikaandika mchuuzi. Chai niliinywa. Nilipoomba kusema nikaulizwa nawakilisha diko gani, nikakaa chini.

Matokeo yake ni kwamba hatuhesabiwi. Samaki wa diko wanapimwa, wanaandikwa, takwimu zinakwenda juu. Samaki wangu wanaondoka kwenye ndoo ya rangi na baiskeli. Hakuna anayejua Tanga nzima tuko wangapi tunaovua kwa mapenzi, tunatoa samaki gani, wakubwa au wadogo, miezi ipi. Halafu kesho mtaalamu akija kupanga mipaka ataipangia bahari ambayo sisi hatumo, na tukitokea tutakuwa wavamizi.

Chukua hifadhi yetu ya silikanti, yule samaki wa kale. Ilitangazwa 2009, inaanzia mdomo wa Mto Pangani inapanda mpaka kaskazini ya jiji, na ghuba yetu na visiwa vya Toten, Yambe na Karange vimo. Mimi naipenda hifadhi hiyo, nasema bila kuuma maneno. Nimekulia zama za uvuvi wa baruti. Marufuku ya baruti ni ya tangu 1970, ila utotoni mlipuko wa asubuhi kwetu ulikuwa kama adhana ya pili. Leo imepungua sana na miamba inajitahidi kupumua. Wanaostahili shukrani wapewe. Lakini silikanti wale waliozua mjadala, wengi wao walinaswa na majarife, nyavu za papa, huko Kigombe na Mwarongo, kwenye maji ya kina kirefu. Hakuna silikanti aliyepandishwa na mwalimu mstaafu kwa ndoana namba nane pale Raskazone. Sasa ukimuuliza mtu mwenye sare ni wapi ghubani ninaweza kusimama na fimbo na wapi siwezi, atakuonyesha bahari yote kwa mkono mmoja. Ramani ubaoni hakuna. Boya hakuna. Tuelekezwe basi! Nitaheshimu mstari niliouona.

Jamaa zangu wa vijijini walipotaka kufunga miamba ya pweza waliitwa, wakakaa chini ya mwembe, wakabishana siku mbili, wakakubaliana miezi ya kufunga na siku ya kufungua. Shemeji yangu alikuwa mpinzani mkubwa, sasa ndiye anayelinda usiku kwa tochi. Kwa sababu aliulizwa. Sisi hatujaulizwa hata jina, ukiacha lile la kwenye daftari.

Tusiambiane kwamba haiwezekani. Afrika Kusini mtu wa fimbo ananunua kibali chake posta, kibali cha mtu, sio cha chombo, na anajua kila aina ya samaki anaruhusiwa wangapi kwa siku na wa urefu gani. Jimbo la New South Wales kule Australia, wavuvi wa burudani wanalipa ada lakini hela inaingia kwenye mfuko wa kuutunza uvuvi wenyewe, hadi miamba ya kutengeneza wamezamisha. Uingereza kuvua baharini kwa fimbo kwa kawaida hakuhitaji leseni, ila wana vipimo vyao, na tangu 2009 wana chombo kikubwa kinachowasemea, wanagombana na serikali yao kila msimu. Mbali kote huko kwa nini? Vuka mpaka wa Horohoro tu, uingie Kenya. Shimoni na Watamu wenzetu wanamfunga sulisuli alama, wanamrudisha majini, na kuna watu wanaishi kwa hilo.

Najua kuna atakayesema nyie mnavua kwa starehe, wenzenu wanavua wapate unga. Sawa. Ila kwa huyo mwenye njaa ndiko ninakonunua vibua vya chambo vya elfu tano kila Jumamosi. Nikienda nje naikodi ngalawa ya binamu yake elfu thelathini, nipate samaki nisipate, na msimu huu wa kusi mara nyingi siwapati. Ndoana, nailoni, chubwi, vyote vya duka la barabara ya pili. Na samaki wangu wanne sijamshushia mtu bei sokoni Deep Sea.

Tunachotaka si kikubwa. Leseni ya mtu anayevua kwa mguu, bei ya mwananchi kwa shilingi, ya mwaka, nikate kwa simu kama ninavyonunua umeme. Vipimo: kolekole chini ya urefu fulani arudi, nguru wangapi kwa siku. Wekeni, mimi nitakuwa wa kwanza kubeba futi. Na kiti kimoja. Kimoja tu kwenye hivyo vikao, chenye safu yake kwenye karatasi ya mahudhurio. Bila kiti hiyo leseni itakuwa kodi ya kusimama juu ya jiwe.

NYONGEZA, saa tatu usiku: kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini tusianzishe chama. Tumejaribu. Tulikutana tukiwa tisa kibarazani kwa fundi cherehani, tukakubaliana katiba, tukachangishana. Kwenye usajili tukaulizwa ni chama cha michezo au cha uvuvi. Tukisema michezo, tunaambiwa tuonyeshe mashindano na kanuni za mchezo. Tukisema uvuvi, tuonyeshe vyombo. Dereva wa daladala akasema tuandike kwaya tumalize. Pesa bado ziko kwa dada muuguzi, yeye ndiye mweka hazina na ndiye pekee tunayemwamini.

Na yule aliyesema niache kulialia ninunue boti: boti utanipa wewe?

Wa Bagamoyo mpo? Nasikia kwenu karibu na Mbegani watu wanavua kwa fimbo bila bughudha, au ni hadithi? Pangani je? Na kama humu kuna Mtanzania hata mmoja amewahi kuishika leseni ya uvuvi wa michezo mkononi, bila boti, aitupie picha hapa, jina alifiche. Nataka kuona tu pale kwenye "jina la chombo" walimwandikia nini.