Tupeane uzoefu: Uliwatambuaje waasi walioingia mtaani kwenu?

Mwana Kadutu
Wakuu, salaam. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mashariki ya Kongo, nilikuwa kwenye simu na dada yangu aliyebaki kule. Nikamuuliza ni akina nani wanaopita barabarani. Akaniambia, "Ngoja, mama anachungulia viatu." Nilicheka, kisha kicheko kikakatika, maana kazi hiyo hiyo mama aliifanya Oktoba 1996.

Mwaka ule ilikuwa rahisi. Waliokuwa wanaondoka, askari wa Mobutu, waliongea Lingala, waliokuwa wanaingia waliongea Kiswahili na wengi wao walivaa gambuti, vijana wadogo kabisa, bunduki inagusa ardhi. Mama akafunga pazia akasema, "Basi, hawa ni wa Kabila." Ndiye aliyekuja kumng'oa Mobutu. Lakini Agosti 1998 viatu havikutusaidia. Tulilala chini ya serikali ya Kabila, tukaamka chini ya RCD, kundi jipya lililomwasi Kabila, na askari ni wale wale, sare zile zile. Kilichobadilika ni redio tu.

Sasa naomba tupeane uzoefu, hasa wa Goma, Uvira, Bunia, Beni, Kisangani. Ulijuaje ni kundi gani limeshika mtaa? Nani alikuwa sahihi tuache, hiyo ina nyuzi zake.

Lava ya 2002
Sisi wa Goma tulijua kwa risiti. Mjomba alikuwa na lori, akipanda Butembo kuleta maharage na vitunguu. Analipa vizuizi vyote mpaka Kanyabayonga kwa RCD-Goma, anavuka, anaanza kulipa upya kwa RCD-ML ya Mbusa Nyamwisi, kipande kilichojitenga. RCD na RCD! Alikuwa na bahasha mbili kifuani, kushoto na kulia, na aliapa kwamba siku akizichanganya ndiyo siku tutakayokula matanga yake. Muhuri ndio uliokwambia uko nchi gani.

Kibirizi Forodhani
Huku Kigoma tuliwatambua washindi kwa kuangalia walioshindwa. Boti zikifika usiku tunauliza, "Mnamkimbia nani?" 1996 jibu lilikuwa moja, 1998 lingine, na wengine walikuwa watu wale wale: walikuja, wakarudi kwao Fizi, wakaja tena. Kuna bibi mmoja nilimbebea mizigo mara zote mbili. Mara ya pili alinitania kwamba sijakua.

Mlimani Mstaafu
Jina la RCD limenirudisha mbali. Profesa Wamba dia Wamba alitufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu mpole, anasikiliza hata swali la kijinga. Agosti 1998 redio inatangaza kiongozi wa waasi ni Ernest Wamba dia Wamba, nikasema wamekosea jina. Mei 1999 wakampindua, akawekwa Émile Ilunga, yeye akabaki na kundi lake Kisangani, baadaye Bunia. Bado nashindwa kumuunganisha yule wa darasani na yule wa redioni.

Simba Mzee
Mkuu, heshima yako, lakini mwalimu wenu alikuwa kivuli cha waliomleta. Kiongozi wa waasi asiyeweza kumwamuru hata mlinzi wa lango lake ni kiongozi gani?

Mlimani Mstaafu
Sijasema alikuwa na nguvu. Nimesema alinifundisha. Soma kwanza ndugu yangu.

Simba Mzee
Nimesoma. Na waliopinduliwa 1999 walipinduliwa kwa sababu mabwana zao wawili, Rwanda na Uganda, walishagombana. Hilo hukuliandika.

Mwana Kadutu
Wazee wangu, tafadhali. Mada ni mtaani.

Mama Shabunda
Mimi nitasema kidogo. Kwetu hakukuwa na kuingia na kutoka. Mjini RCD, porini Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, na shamba langu lilikuwa katikati. Ukitoka asubuhi unaulizwa unawapelekea nini wale wa porini. Ukirudi na mihogo jioni unaulizwa umewaambia nini wale wa mjini. Wa porini tuliwajua kwa majani na chupa za dawa shingoni, na ilibidi mwanamke ashuke njiani wapite, usije ukawagusa dawa ikaharibika. Wa mjini tuliwajua kwa sababu walikuwa na kalamu. Waliandika majina. Mengine nayajua mwenyewe.

Lava ya 2002
Pole sana mama.

Toleka ya Makiso
Naona Kisangani imetajwa juu juu kama kituo cha basi. Ngojeni niandike, mtanisamehe urefu.

Sisi tulikuwa na Wanyarwanda na Waganda mji mmoja, wote wamekuja "kutukomboa" na kila mmoja ana RCD yake, na almasi zinanunuliwa mchana kweupe. Walishapigana Agosti 1999, wakapigana tena Mei 2000. Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 5 Juni mlio wa kwanza uliposikika, hakuna aliyeuliza ni nini. Baba alisema tu, "Korido." Nyumba yetu ilikuwa komini ya Tshopo, si mbali na daraja, na lile daraja ndilo walilokuwa wanaligombania. Waganda ng'ambo ya mto upande wa kaskazini, Wanyarwanda upande wa katikati ya mji. Mabomu yanapita juu ya mabati yetu kwenda na kurudi, mengine yanachoka njiani.

Umeme ulikatika, kisha maji. Tulikunywa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa la kufulia. Bibi alikuwa na kikohozi, na kila akikohoa sote tunamgeukia kana kwamba ndiye anayewaita.

Sasa swali la mada. Usiku mmoja, wa tatu au wa nne, mtu akagonga dirisha. Si mlango, dirisha. Sauti ikauliza kwa Kiswahili, "Nyinyi ni wa nani?"

Lazima mumjue baba ili muelewe. Baba alikuwa na jibu la kila jeshi. Wa Mobutu aliwajibu kwa Lingala na vicheko. Wa Kabila aliwaita wanangu. Kila aliyekuja baba alishajua amsalimu vipi. Usiku ule alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kiswahili cha yule mtu hakikuwa chetu, lakini pande zote mbili zilikuwa na Kiswahili kisicho chetu. Ukikosea upande umeua nyumba nzima. Kimya. Sauti ikauliza tena. Ndipo bibi akakohoa, na mama, ambaye siku zote alikuwa nyuma ya baba, akasema: "Hapa ni wa mgonjwa."

Yule mtu akaomba maji. Mama akachota kwenye pipa, akatoa mkono dirishani gizani. Akanywa, akarudisha kikombe, akaenda. Mpaka leo sijui alikuwa wa jeshi gani, na nimemfikiria kuliko jamaa zangu wengine.

Kesho yake bomu likaangukia kwa jirani yetu, dereva wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, aliyekuwa akinipeleka shule bila kunidai. Makaburini hakufikiki. Baba na wanaume wengine watatu walichimba nyuma ya jiko lake, wanachimba, wanalala chini, wanachimba. Bomu lilikuwa la upande gani? Hakuna aliyeniambia. Yanatajwa mabomu zaidi ya 6,000 kwa siku zile sita, na waliokufa wanahesabiwa kuanzia mia mbili na ushee hadi 760, inategemea nani anahesabu. Jirani yetu sijui kama yumo kwenye hesabu yoyote.

Jumamosi walinyamaza.

Kibirizi Forodhani
Nimeishia hapo kwenye kikombe nikainuka kutembea kidogo.

Lava ya 2002
"Hapa ni wa mgonjwa." Mama yako apewe urais.

Simba Mzee
Kijana, na zile pesa? Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Februari 2022 Uganda ilipe dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka. Mmeona chochote?

Toleka ya Makiso
Mzee, hiyo ni hadithi nyingine. Tumejaza fomu. Waliopanga foleni na sisi, wengine mwaka 2000 walikuwa hawajazaliwa.

Mwananchi Halisi
Na Rwanda je? Wao hawalipi? Ukweli usemwe, tangu AFDL ya Kabila, RCD, CNDP iliyoitangulia M23, mpaka M23 yenyewe ni watu wale wale wamebadilisha kofia, na hao Banyamulenge, Watutsi wa milima ya Kivu Kusini, wote walikuwa ndani.

Mlimani Mstaafu
Kesi ya Rwanda ilikwama 2006 kwa sababu mahakama ilisema haina mamlaka nayo. Haikusema hawakuwepo.

Mtu wa Minembwe
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hilo neno "wote" limenitoa. Mwaka 2002 Masunzu, kamanda wa kwetu, alipowaasi RCD, jeshi la Rwanda lilipanda mpaka kwetu milimani kupigana naye. Sisi Banyamulenge. Tulikimbia na ng'ombe usiku kwenye baridi ya Itombwe. Tulikuwa tunaambiwa hao ndio ndugu zetu waliokuja kutulinda. Tukishuka Uvira tunaitwa waasi, tukibaki juu tunapigwa kama wasaliti. Viatu vya kuchungulia sisi hatukuhitaji. Kila aliyekuja alishatujua kabla hajatuona, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Mwananchi Halisi
Sikusema wewe.

Mtu wa Minembwe
Umesema wote.

Mama Shabunda
Mwanangu wa Minembwe, endelea kuandika. Nakusoma.

Mwana Kadutu
Mwananchi, ukiendelea hivyo nitaomba uondolewe. Wengine turudi kwenye mada. Dada yangu bado yuko Bukavu, na anauliza mlifanyaje. Mawaidha yenu?

Lava ya 2002
Vyeti vya shule na hati ya kiwanja vizikwe. Nailoni mbili, kisha ndoo yenye mfuniko.

Kibirizi Forodhani
Visizikwe kabisa! Nimeona watu wameshuka botini wanalia kwa sababu vyeti vimebaki ardhini Uvira. Tembea navyo, vishonee kwenye kitenge.

Simba Mzee
Ukitembea navyo, kizuizini watasoma ulizaliwa wapi. Mimi nilitembea na kadi ya kliniki tu.

Lava ya 2002
Sasa mzee, wewe kadi ya kliniki ya nini, ya uzazi?

Simba Mzee
Ya mke wangu. Na ilinivusha vizuizi viwili, cheka tu.

Mama Shabunda
Chumvi, sabuni, kiberiti. Na asisimame mlangoni kuangalia wanaopita, hata kama ni viatu.

Toleka ya Makiso
Mama hapo nakupinga kidogo. Asipoangalia atajuaje wa kumjibu?

Mama Shabunda
Asijibu. Wewe si umesema mwenyewe baba yako alikosa jibu?

Toleka ya Makiso
Lakini mama yangu alijibu.

Mlimani Mstaafu
Na Mwana Kadutu, mwambie dada yako aweke simu yenye redio. Mtandao ukizimwa, atabaki na hiyo.

Mwana Kadutu
Ameshaweka. Anasema betri anaitunza, anawasha saa ya habari tu. Ila hilo la kliniki amelipenda, anauliza kadi ya mwaka gani inafaa.

Simba Mzee
Yoyote, mradi iwe na muhuri.