Tupeane uzoefu: jina gani la mnyama katika historia ya Marekani lilikushika, na ulikutana nalo wapi?

Mwalimu wa Kilosa
Wakuu, heshima zenu. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na tukifika Marekani darasa huanza kusinzia. Mwaka huu niliwaanzia na Francis Marion wa South Carolina, kamanda aliyepigania uhuru wa Marekani dhidi ya Waingereza, yule Mbweha wa Kinamasi. Novemba 1780 kanali wa Kiingereza, Banastre Tarleton, alimkimbiza zaidi ya kilomita 40 kwenye matope na vichaka, akarudi mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba alisema mbweha mzee yule hata shetani hamkamati. Wanafunzi wakainua vichwa. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo jina alipewa na adui?" Swali lile limenikaa. Leteni majina mliyonayo, na mseme yaliwafikiaje.

Dereva wa Carolina
Shikamoo mwalimu. Mimi na lori langu tunampitia Marion kila wiki, maana barabara kuu ya 95 inakatiza Ziwa Marion, na maji ya ziwa hilo ndiyo yaliyofunika shamba lake. Nilimpenda sana huyu Mbweha hadi siku niliyokutana na mchoro wa John Blake White, ule uliomo kwenye jengo la Bunge la Washington. Marion anamkaribisha ofisa wa Kiingereza chakula cha viazi vitamu porini, na pembeni yupo mtu mweusi anayeshughulika na viazi hivyo. Kwa miaka mingi watu waliutazama mchoro bila kumjua. Alitambuliwa rasmi mwaka 2006: Oscar Marion, mtumwa wa jenerali, aliyekuwa naye vitani. Kinamasi ni kile kile na njaa ni ile ile, ila ubweha alipewa mmoja tu. Mwalimu, nakuomba ukirudi darasani mtaje na Oscar.

Mama Wawili, Denver
Langu ni nyati. Tulipohamia huku niliwapeleka wanangu Lookout Mountain, alikozikwa Buffalo Bill, yaani Bill wa Nyati, mwaka 1917. Mdogo akaniuliza, "Mama, alikuwa rafiki wa nyati?" Nikakosa jibu, nikaenda kusoma. William Cody, ndiye Bill huyo, alilipata jina hilo kwa kuwaua. Miaka ya 1867 na 1868 aliwinda nyama ya kuwalisha wajenzi wa reli ya Kansas Pacific, na mwenyewe alidai ameangusha nyati 4,280 katika miezi 18. Wawindaji walikuwa wengi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 wanyama waliokuwa mamilioni walibaki mamia.

Kilichoniuma zaidi kilitokea mwaka 1885. Kwenye maonyesho ya Cody, yaliyoigiza maisha ya Magharibi ya Marekani, aliajiriwa kwa miezi minne Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, wenyeji asilia wa Marekani. Jina lake halisi ni Tatanka Iyotake, Dume la Nyati Lililoketi. Kwake halikuwa la utani. Alilirithi kwa baba yake, na kwa Walakota nyati ndiye chakula, hema na nguo. Fikirini uwanja mmoja: anayeitwa nyati kwa kuwamaliza, na anayeitwa nyati kwa kuishi kwao. Watazamaji walimshangilia wa kwanza na kumzomea wa pili. Mwanangu nilimjibu jioni ile, nikamwonyesha picha zote mbili.

Kijana wa Temeke
Dada, ongeza wa tatu. Wanajeshi weusi wa vikosi vya farasi vilivyoundwa mwaka 1866 nao waliitwa nyati, na inaelezwa kuwa jina lilitoka kwa wenyeji asilia wenyewe. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya nywele, wapo wanaosema ni ujasiri. Mimi nilidhani walipigania wanyonge. Kujua kwamba kazi yao mojawapo ilikuwa kupigana na wenyeji hao hao kulinihuzunisha.

Mkamba wa Machakos
Hamjambo. Mimi nimekulia karibu na tambarare za Kapiti, na huko ndiko Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliposhuka kwenye treni mwaka 1909 baada ya kutua Mombasa. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na Kermit baadaye akawa Bwana Maridadi. Mzee mwenyewe aliyaandika majina hayo.

Aliporudi kwao akataka urais tena. Mwaka 1912 alijisifu kuwa ana nguvu kama dume la moose, yule paa mkubwa kuliko farasi wa misitu ya kaskazini, na chama chake kikabaki na jina hilo, Bull Moose. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, alipigwa risasi ya kifua. Hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni na kasha la miwani vikaipunguza nguvu. Akapanda jukwaani anavuja damu, akawaambia watu kuwa dume la moose haliuawi kwa risasi moja, akasema zaidi ya saa nzima. Uchaguzi alishindwa na Woodrow Wilson, lakini alimpita Taft aliyekuwa madarakani. Hili ndilo jina pekee ninalolijua ambalo mtu alijichagulia kisha akalazimika kulithibitisha kwa mwili wake.

Mjukuu wa Bi Zuhura
Mimi naleta mwanamuziki. Nikiwa mdogo bibi alinitishia fisi kila nilipokataa kulala, kwa hiyo habari ya Chester Burnett wa Mississippi iliniingia haraka. Alizaliwa mwaka 1910, akapewa majina ya Rais Chester Arthur. Babu yake alimtishia mbwa mwitu alipokuwa mtundu, na nyumbani wakaanza kumwita Wolf. Alipokuwa mtu mzima, mwenye sauti ile ya kukwaruza, akapanda jukwaani na kile kile alichotishiwa nacho: Howlin' Wolf, mbwa mwitu anayebweka usiku. Jina la rais lilibaki kwenye karatasi.