Mjadala: Una milioni 20 na ndiyo unaanza. Ununue kiwanja Dodoma, au treni imeshaondoka?

MTOA MADA

Wakuu, habari za kazi. Naleta hoja hii kwa sababu vijana hawaishi kuniuliza, na kila anayeniuliza dalali ameshamjibu kabla yangu. Kaweka akiba kidogo au kakopa kwa dhamana ya mshahara, anaambiwa: nunua kiwanja Dodoma, kalale, bei itapanda yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa hela ndogo, kununua kiwanja cha pembezoni mwa jiji ili usubiri bei ni kamari. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973. Aliyenunua mwaka ule kwa tamaa ya makao makuu alisubiri zaidi ya miaka 40. Serikali ilianza kuhama kweli baada ya tangazo la Julai 2016. Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa na kusimamia ardhi ya mji, ikavunjwa, Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, Mei 2023 Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa, 2024 treni ya SGR, reli mpya ya umeme kutoka Dar, ikaanza kufika. Kila habari kati ya hizo ililipwa bei yake siku ilipotoka. Leo dalali anakuorodheshea zote upya, anaongezea uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko, kama vile mwenye kiwanja yeye hasikilizi redio. Anasikiliza. Ameshaviweka kwenye bei.

Sasa tuseme umevumilia ukajenga. Kiwanja milioni 12, nyumba ya vyumba vitatu milioni 58, jumla 70. Unapangisha kwa 350,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, toa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, toa rangi, koki na mlango uliovunjwa. Umebaki na kama milioni 3, asilimia 4 na kidogo. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, za miaka 20 na 25 miaka hii zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 12, na unaanza na milioni moja tu. Na kama hizo 70 ulikopa benki kwa asilimia 15, riba peke yake ni milioni 10.5 kwa mwaka. Kodi ya mpangaji haifiki hata nusu.

Mwenye hesabu nyingine ailete.

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

Mkuu, hesabu yako ni ya mtu aliyekaa ofisini. Sensa ya 2012 Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Ya 2022 jiji likawa na 765,179. Hao zaidi ya laki tatu na nusu wanalala kwenye hatifungani?

Halafu kuna jambo hamlisemi. Hela iliyoko benki ikijulikana, ukoo mzima unaanza kuumwa. Kiwanja hakuna shangazi atakayekuomba ukate robo umpe ya ada. Wengi wetu tulichonacho leo tunacho kwa sababu kilikuwa ardhini hakitoki. Riba ya asilimia 12 ungekuwa umeshaila tangu mwaka wa kwanza.

MTUMISHI, MPANGAJI ILAZO

Niseme kama ninayelipa hiyo kodi. Nyumba ya vyumba vitatu siihitaji, na wenzangu wengi ofisini hawaihitaji. Familia iko Dar. Tangu SGR ianze, Ijumaa jioni mtu anapanda treni, Jumatatu yuko kazini. Tunachotafuta ni chumba masta, chenye choo na bafu ndani, na jiko, LUKU (mita ya umeme) yake peke yake, na tanki la maji, kwa sababu bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, lina siku zake. Wenye nyumba wanajenga majumba ya geti kubwa, kisha wanalalamika wapangaji hawapo. Mwenye familia na mshahara mzuri anakwenda nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) kule Iyumbu au za Watumishi Housing kule Njedengwa. Wewe unayeanza utashindana nao kwa lipi?

Na mkipunguza kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, hatutahamahama sana.

BINTI WA IHUMWA

Mnabishana juu ya faida, mimi niwaambie hivyo viwanja vilikuwa nini. Kwetu palikuwa shamba la mtama na uwele. Wazee waliuza kwa ekari, aliyenunua akakata vipande akauza kwa mita ya mraba. Hilo limepita, simdai mtu. Kinachoniudhi ni kwamba vipande vile mpaka leo ni vichaka. Mwenyewe yuko Mwanza au Arusha, anasubiri bei. Bomba la maji linapita mbele ya viwanja kumi vitupu ndipo likute nyumba moja, nguzo za umeme vilevile, na gharama tunagawana sote.

Hati nyingi zina sharti la kujenga ndani ya miezi 36, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu Rais kufuta milki ya anayevunja masharti. Swali langu kwa mtoa mada: hawa wanaosubiri kwa nini wasitozwe zaidi, au wasinyang'anywe?

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

Dada, ukinyang'anya kwa miezi 36 unamnyang'anya mwalimu wa shule ya msingi. Yeye anajenga kwa miaka kumi: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, akipata mkopo anafunga renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tajiri ana fundi na hela, hutamkuta na kichaka.

BINTI WA IHUMWA

Mwalimu ana kiwanja kimoja na tofali zinaonekana. Namsema mwenye viwanja kumi na vitano visivyo na hata shimo la choo. Wawili hao mnawatofautisha vizuri tu mkiwa hamtetei biashara.

MTOA MADA

Hapo niko na dada. Ila mimi ningeanza na tozo kubwa kwenye pango la ardhi, lile analolipa mwenye kiwanja serikalini kila mwaka, kuanzia kiwanja cha pili kisichoendelezwa. Kufuta milki kuna mlolongo wa ilani, na mwenye hela ataukimbiza mahakamani mpaka uchoke.

FUNDI, KIZOTA

Mnasahau udongo. Kuna maeneo ya mfinyanzi hapa mjini, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka na ukuta nao. Msingi wa kule unameza hela ambayo hamkuiweka kwenye hizo hesabu. Kiwanja kaangalie mwezi wa kwanza au wa pili, maji yakiwa yanatiririka. Mwezi wa tisa kila bonde ni tambarare.

MPIMA MSTAAFU

Vijana wangu, mnagombana juu ya bei wakati wengi wanaopoteza hela hawapotezi kwa bei. Wanapoteza kwa kununua kitu ambacho muuzaji hana.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauhamishi milki. Unaonyesha kwamba mlikaa mkapatana, basi. Ukiletewa barua ya toleo, ile ya kumpa mtu kiwanja kabla ya hati, au hati yenyewe, usishike karatasi ukafurahi. Peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi, ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililopo, kama kuna rehani benki, kama kuna zuio. Kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili ni ugonjwa wa zamani hapa Dodoma, na wote wawili huwa na makaratasi. Kisha mlipe mpima aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, yale mawe ya mipaka, kwa vipimo, asikuonyeshe dalali kwa kidole. Dalali wengine wanaonyesha kiwanja kilicho barabarani na kuuza cha nyuma yake.

Kama muuzaji ana ndoa, mwenza wake asaini ridhaa. Wanaume wengi hawapendi kuulizwa hili, uliza. Weka pia pembeni ushuru wa stempu, na mkubaliane mapema nani atalipa kodi ya faida ya mauzo, maana uhamisho hausogei bila hiyo.

Kwa wale wenye hati za zamani za CDA za miaka 33: baada ya 2017 ilielekezwa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Ukinunua kwa mtu ambaye hajabadilisha, unanunua na safari yake ya ofisini.

KIJANA, VEYULA

Shikamoo mzee. Nimeonyeshwa Nala, mita za mraba 600, milioni 7, nalipa kidogo kidogo kwa kampuni. Wamesema hati nikimaliza.

MPIMA MSTAAFU

Marahaba. Ramani ya upimaji imeidhinishwa, au wana mchoro tu? Mchoro wa mipango miji ni mpango. Kiwanja kinapata namba ya kudumu upimaji ukiidhinishwa.

KIJANA, VEYULA

Namba wamesema watanipa nikilipa ya kuanzia.

MPIMA MSTAAFU

Basi unawakopesha hela ya kupimia shamba lao.

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

Hiyo hata mimi nisingelipa. Kijana, achana na Nala, njoo huku kwetu. Kuna pagale, nyumba isiyokwisha, limefika renta, vyumba vitatu, ukuta ukikatwa vizuri unatoa masta mbili kama anazotaka yule mtumishi. Milioni 19, maji yapo, barabara ipo. Mtoa mada, hesabu hiyo inakupa ngapi?

MTOA MADA

Ikihitaji milioni 12 kumalizia na kila masta ikapata 150,000 kwa mwezi, ni milioni 3.6 kwa mwaka kwa hela ya milioni 31. Hiyo asilimia 11 na kidogo kabla ya makato, tunaanza kuongea. Ina hati?

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

Barua ya toleo.

MPIMA MSTAAFU

Kwa jina la nani?

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

La marehemu. Anayeuza ni mdogo wake.

MPIMA MSTAAFU

Amekwenda mahakamani akateuliwa msimamizi wa mirathi?

MWENYE FREMU, NKUHUNGU

Ngoja nimpigie.